Leo nimeaga, nikaenda chuo chumbani

Leo mama mkwe kamwambia jirani kwamba sipo nyumbani. Na mimi nipo chumbani, nawasikia!

Nasoma chuo kwa mtandao, hapa hapa Matogoro. Kipindi kikianza tu, naitwa.
Mama Neema, kageuze mahindi.
Mama Neema, maharage yanaungua.
Simlaumu. Yeye anaona mtu kakaa na simu.

Basi leo nikavaa gauni la kutokea, viatu, mkoba begani, nikaenda kumuaga.
"Mama, naenda chuo."
Akaniangalia juu mpaka chini.
"Haya, nenda salama."
Nikaingia chumbani, nikafunga mlango.

Katikati ya kipindi jirani akapiga hodi, ananiulizia.
"Hayupo, yuko chuo."
"Mbona namsikia anaongea humo ndani?"
"Si nimekwambia yuko chuo? Kaa, umsubiri atoke."

Jamani!

Nilipotoka, mahindi yalikuwa yameshaanuliwa.
"Umerudi, mwanangu? Pole na masomo."

Nilidhani nitacheka. Sikuweza.

Bando ninalo, simu ninayo, na siku zote nilikuwa najiuliza nakwama wapi. Kumbe nilikuwa siagi tu.

Ninyi mnaosomea nyumbani, huwa mnaaga?