Alama ya Tatu

Buibui aliyemuuma baba yangu alikuwa mwenyeji wa stesheni ya Kolwezi. Hilo halina ubishi. Alizaliwa pale, katika nyufa za ukuta wa ghala la mizigo, na hakuna aliyewahi kumwambia arudi kwao. Baba naye alizaliwa Kolwezi, mitaa miwili tu kutoka hapo, lakini yeye aliambiwa arudi kwao, na kwao ilikuwa Kasai, mkoa alioujua kwenye ramani ya darasani tu. Babu ndiye aliyeletwa kutoka huko kuchimba shaba. Sasa vijana wa mtaa walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba kutuarifu kwamba ugeni wetu umekwisha.

Basi tulikuwa stesheni: baba, mama, wadogo zangu wawili, na mimi niliyekuwa na miaka kumi na mitano, pamoja na umati wa watu kama sisi, tukingoja treni. Treni ilikuwa inakuja kesho. Kwa wiki tatu ilikuwa inakuja kesho. Kila familia ilishika nafasi yake katika foleni kwa chombo: sufuria, cherehani, godoro lililofungwa kamba. Nafasi yetu ilishikwa na kofia ngumu ya baba ya mgodini. Kofia ile ilipanga foleni kwa niaba yetu, na majirani waliiheshimu kuliko walivyotuheshimu sisi.

Baba alilala na viatu vyake chini ya kichwa ili visiibwe. Asubuhi moja alivaa cha kushoto, akasema "Aa!", akakivua, akakikung'uta. Akadondoka buibui wa kahawia, si mkubwa kuliko kifungo cha shati. Mdogo wangu aliinua kandambili ampige.

"Mwache," baba akasema. "Yeye iko kwao."

Juu ya kifundo cha mguu kulikuwa na vitone viwili vyekundu, basi. Mama akachukua ndoo akaenda kutafuta maji ya kumnawisha kwa sabuni, na hilo ndilo jambo pekee la akili lililofanyika siku ile. Lakini bomba lilikuwa mbali, na aliporudi waganga wa stesheni walikuwa wamekwisha kufanya kazi yao. Mwalimu mstaafu alikuwa amepaka mawese na chumvi. Mama mmoja muuza samaki alikuwa ameyafuta mawese na kupaka dawa ya meno, maana mawese, alisema, huamsha sumu. Fundi wa kuchomelea vyuma, jirani yetu wa foleni, akasema wote wawili hawajui kitu. Akatoa wembe, akamchanja baba mara nne, akabandika jiwe jeusi linyonye sumu. Wembe aliufuta kwanza kwenye suruali yake, kwa ajili ya usafi. Kisha wote watatu wakagombania aina ya buibui, ingawa hakuna hata mmoja aliyemwona.

Mama alisimama na ndoo yake akiwatazama.

"Mulisha maliza?" akauliza. "Sasa mi naweza kumunawisha bwana yangu?"

Kesho yake wekundu ulikuwa umezunguka kifundo chote. Hapa sina budi kueleza kazi ya baba. Kwenye mgodi wa Mashamba, katika shimo kubwa la shaba, yeye ndiye aliyekuwa akisoma maji. Shimo likiwa refu hivyo, maji hayaachi kuingia, na pampu huyatoa mchana na usiku. Ukutani baba alichora alama tatu kwa rangi nyekundu. Maji yakifika ya kwanza, unaandika. Yakifika ya pili, unamwita injinia. Yakifika ya tatu, unapiga king'ora na watu wote wanatoka, hata mkubwa akikataa. "Alama ya tatu haiombe ruhusa," alikuwa akituambia nyumbani, hata tulipokuwa tunazungumzia sukari. Na sheria nyingine: alama haisogezwi. Usipopenda unachokiona, kasirikia maji.

Basi akautazama mguu wake kama alivyokuwa akilitazama shimo, akaniita. Mimi aliniita mama, kwa kuwa nina jina la mama yake.

"Mama, leta biki."

Nikachora alama tatu kwa wino wa bluu: moja juu ya kifundo, ya pili katikati ya muundi, ya tatu chini kidogo ya goti. Kando yake nikaandika namba, kwa mwandiko wangu mzuri wa shule.

"Ikipita ya tatu, tunaenda kwa munganga ya hospitali," akasema. "Mbele ya ile, tunangoja treni."

Mcheke ukipenda. Mimi nilimcheka. Lakini aliyekosa treni hakujua kama kungekuwa na nyingine, na nyumba yetu ilikuwa tayari na watu wengine ndani; walikuwa wamekwisha kubadilisha mapazia.

Haukupita muda mguu wa baba ukawa habari ya stesheni. Treni haikusogea, orodha ya majina ya abiria haikusogea. Mguu ndio kitu pekee kilichokuwa kinakwenda mbele. Kila asubuhi kengele ya parokia ilipolia, wanaume waliokuwa wachimbaji walipita mikono nyuma, wakainama kusoma.

"Maji iko wapi leo?"

"Inapita ya kwanza."

"Eeh. Inapanda pole pole."

Wengine walitoa maoni kuhusu pampu. Hata kijana mmoja wa wale waliotulinda, yaani wa wale waliotufukuza, maana walikuwa ni wale wale, alikuja na rungu lake kusoma. Wao walituita bilulu, wadudu. Alipoelezwa kisa alicheka mpaka akakaa chini. "Kilulu analumwa na kilulu!" Halafu akaangalia ule mguu vizuri, akauliza kwa sauti nyingine kabisa, kama mtoto kwa baba yake, "Tata, inauma?"

"Inauma," baba akasema.

Kijana akaacha ndizi mbili kwenye mkeka, akaondoka amekasirika.

Siku ya nne wekundu ulipita alama ya pili. Pale palipochanjwa pakawa peusi katikati, pakaanza kunuka. Baba alitetemeka juani amevaa koti. Mama akasema twende. Baba akasema alama ya tatu bado. Mama akasema alama zako ni za mawe, si za nyama. Baba akasema treni inakuja kesho. Basi mama hakusema naye tena siku ile. Alisema na kofia.

"Umwambie tata ya batoto," aliiambia kofia, "mi sitamuzika njiani."

Asubuhi ya tano nilikwenda kusoma. Wekundu ulikuwa bado chini ya alama ya tatu, nikafurahi. Kisha nikaona goti. Mimi nilichora chini ya goti, na sasa alama ilikuwa juu yake, upana wa vidole vitatu, kwenye paja, na ile namba tatu haikuwa ya mkono wangu. Chini ya goti palibaki doa la bluu lililosuguliwa kwa mate. Wekundu ulikuwa umelipita.

Nilimtazama. Yeye akatazama reli.

"Tata, ulisogeza alama."

"Sema pole pole, mama."

Sijawahi kukasirika vile, hata siku tuliyotolewa nyumbani. Wale waliotutoa sikuwahi kuwaamini. Huyu nilimwamini. Nikapanda juu ya sanduku letu nikapaza sauti kwa nguvu zote za kifua changu:

"Maji imepita alama ya tatu! Alama ya tatu! Batu bote batoke!"

Sikufikiri vizuri. Nusu ya watu pale walikuwa wa mgodini, na miguu yao iliinuka kabla ya vichwa kuuliza. Nusu nyingine waliwaona wenzao wakikimbia, wakajua ni treni. Magodoro yakapanda vichwani, sufuria zikagongana, mama muuza samaki akampita mwalimu mstaafu akiwa na cherehani isiyo yake. Wote wakajazana ukingoni mwa reli. Reli ilikuwa tupu, ila mbuzi mmoja aliyesimama katikati, akatutazama nasi tukamtazama. Nilipogeuka, uwanja wote nyuma yetu ulikuwa umebaki mtupu, na baba amelala peke yake kwenye mkeka, kando ya kofia yake, analia.

"Niliogopa," akaniambia nilipopiga magoti. "Nikiingia kwa munganga, treni inakuya, munaenda bila miye. Ao munabakia sababu ya miye. Yote mbili niliogopa."

Fundi wa kuchomelea ndiye aliyeleta toroli. Hakusema alilitoa wapi, na hakumtazama mtu usoni. Hospitali kubwa ilitaka kadi ya mfanyakazi, na kadi baba aliirudisha pamoja na buti zake siku alipofukuzwa kazi, kwa hiyo tulimsukuma mpaka zahanati ndogo nyuma ya parokia, mama mkono mmoja, mimi wa pili.

Muuguzi, mama wa makamo, hakuuliza sisi ni watu wa wapi. Aliuliza baba alichomwa lini sindano ya pepopunda. Kisha akausoma mguu kwa kidole kuanzia chini, akasimama kwenye doa.

"Nani alichora?"

"Ni miye," nikasema.

"Na nani alifuta?"

Baba akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Buibui hakukufanyia kitu kikubwa, tata," muuguzi akasema akivaa glavu. "Ungenawa na sabuni, ungepumuzisha mguu, ingeisha. Ni wembe njo ilikuleta hapa. Lakini sikia: kidonda ikikuwa mweusi, homa ikikukamata, wekundu ikianza kutembea, haungojee hata alama moja. Mwili haiko shimo. Siku mbili tena, tungesema juu ya kukata."

Alimweka siku sita, sindano asubuhi na jioni. Tuliporudi stesheni kofia ilikuwa bado kwenye foleni. Majirani walikuwa wameisogeza mbele hatua mbili, kwa haki yake. Treni ile iliyotaka kumuua baba haikuwa imekuja. Ilikuja baada ya wiki nyingine mbili, mabehewa ya mizigo matupu, na baba alipanda kwa miguu yake miwili, mmoja ukichechemea.

Huko Kasai walituita watu wa Katanga, mkoa uleule uliotufukuza, wakatushangaa kwa Kiswahili chetu. Tuliishi. Miaka mingi baadaye alipita mgeni aliyetoka Kolwezi, akala nasi, akaeleza kwamba pampu zilisimama na shimo la baba sasa ni ziwa.

"Ilipita alama ya tatu?" baba akauliza.

"Tata, hata ukuta yenyewe haionekane tena."

"Na hakuna mutu alipiga kelele?"

"Nani? Bale ba kusoma maji si balibafukuza."

Baba akasogeza sahani yake kando. Kisha akakunja suruali ya kushoto, akaweka kidole chini kidogo ya goti, mahali ambapo wino ulikwisha kufutika zamani na hapakuwa na kitu ila ngozi.

"Ya miye ilifika hapa," akamwambia mgeni. "Hapa njo mutoto yangu alipiga kelele."