Ukuta Alioufuta Nsimire

Kama ulifunga ndoa Kamembe katika miaka hii ya karibuni, basi uso wako ulipita mikononi mwa Nsimire. Anajua nani alitabasamu kwa moyo na nani alikuwa amekaza meno kwa sababu ya viatu. Alivuka kutoka Bukavu, upande wa pili wa mpaka, ndoa yake ikiwa bado mbichi, kamera ya kuazima begani, akimfuata mumewe Ntabaza, fundi mwashi mwenye maneno machache na mikono isiyotulia. Walikuja kwa ajili ya kazi moja: ushirika wa akina mama wanaovusha vitenge na samaki mpakani ulikuwa unajenga ukumbi.

Ukumbi ulichorwa na msanifu kijana aitwaye Christelle, na ukuta wake wa upande wa ziwa haukufanana na mwingine wowote mjini. Matofali ya kuchoma ya Nyakarenzo yaliachwa wazi, mengine yamelazwa ubavu, mengine yakiachiana nafasi ya ngumi, hata upepo wa Ziwa Kivu ukaingia bila kuombwa na mwanga wa alasiri ukamwagika sakafuni vipande vipande. Ntabaza aliyapanga kwa mkono wake. Akikosea mstari, anabomoa. Nsimire akimpelekea chai, mume humwambia arudi nyuma kidogo, autazame ukuta kwa jicho lake la kamera, aseme kama umenyooka.

Lakini mji nao una macho yake. Hapa nyumba iliyokamilika ni ile iliyopigwa plasta ikapakwa rangi. Tofali tupu ni tangazo kwamba mwenye nyumba ameishiwa. Ukumbi ulifunguliwa kwa ngoma na hotuba, na bado watu wakawa wanauliza kazi itaisha lini. Ntabaza alicheka tu. Baadaye ugonjwa wa ini ukamshika, akazikwa, na watu hawajaacha kuuliza.

Nsimire alibaki na studio yake karibu na stendi. Ukumbi ukawa wa harusi, maana hapakuwa na mwingine mkubwa wenye hewa kama ule. Maharusi waliupenda upepo. Ukuta unaoleta upepo huo hawakuutaka. Wa kwanza kusema waziwazi alikuwa binti aitwaye Vanessa.

“Maman, hii ukuta uniondoleye mu picha,” alisema. “Bantu batasema tulioleya mu nyumba yenye haiyaisha.”

Nsimire akamwondolea. Alikaa mbele ya kompyuta, akaufanya ukuta mweupe, laini, na palipokuwa na matundu akaweka dirisha la kioo cha buluu. Siku hiyo alijichukia. Vanessa aliipenda picha hiyo mpaka akawaleta dada zake, nao wakaleta rafiki zao, kila mmoja akitaka “kama ya Vanessa.” Haukupita muda mrefu Nsimire akawa anaufuta ukuta wa mumewe huku anakunywa chai na kupiga soga kwenye simu. Alijiambia picha ni karatasi tu, ukuta wenyewe uko palepale, hauendi popote. Na kama wapiga picha wote wa pale, wenyewe wakishachukua albamu yao, alizifuta zile za awali ambazo hazijaguswa, ili diski ipate nafasi ya harusi inayofuata.

Mwanzoni mwa kiangazi Christelle alishuka kutoka basi la Kigali akaenda moja kwa moja studio. Ushirika umeomba kibali cha kupiga plasta ukuta ule na kuziba matundu kwa vioo na alumini, alieleza, na wamesema ni kumalizia jengo ambalo halikuwahi kumalizika. Michoro anayo, na picha za jengo likiwa tupu anazo pia, lakini hizo zinaonyesha alichokitaka yeye. Ofisa wa vibali amesema atakataa ombi hilo iwapo ataonyeshwa kwamba wenyeji wameishi na ukuta huo ulivyo na kuuona ni wao. Nani mwenye ushahidi huo kama si mpiga picha wa harusi?

Nsimire alifurahi kwa namna ambayo hakuwahi kufurahi tangu msiba. Alimwambia asiwe na wasiwasi, nusu ya mji imesimama pale. Christelle alipoondoka, akafungua kompyuta.

Vanessa, ukuta mweupe. Maharusi wa Mibirizi, mweupe. Wa kutoka Bugarama, mweupe na pazia la dhahabu juu yake, maana bwana harusi alikuwa mtu wa makuu. Alipekua mpaka macho yakamuuma. Akawapigia simu watu waliopiga picha kwa simu zao; zote zilikuwa nyuso zilizojaa kioo kizima na sikio la jirani pembeni. Mwishowe alifika kwenye picha ya siku ya ufunguzi, akakumbuka kwamba hata hiyo aliisafisha baadaye kwa ajili ya kalenda ya ushirika. Ntabaza yumo, kwenye suti ya kuazima, amesimama kwa fahari mbele ya ukuta ambao hakuujenga yeye. Nsimire alilia kwa hasira, na hasira hiyo hakuwa na mtu wa kumpa.

Hata hivyo alikwenda kwenye kikao cha kibali, akitegemea mdomo wake. Hakupata nafasi. Maman Honorine, mwenyekiti wa ushirika, mwanamke mwema aliyechangia jeneza la Ntabaza, alitangulia kusimama na picha kubwa ya harusi ndani ya fremu, iliyotoka ukutani ofisini kwake.

“Muone, chef,” alimwambia ofisa. “Bantu yetu banataka hivi. Ata bibi ya fundi yenye alijenga, yeye mwenyewe alionaka hivi njo itapendeza. Fundi mupya tulimuonyesha hii hii.”

Ofisa alimgeukia Nsimire, akamuuliza kwa upole kama picha ile ni kazi yake. Christelle alikuwa anamtazama.

“Njo yangu,” alikiri Nsimire.

Alitaka kuongeza neno, ila kila neno lililomjia lingemfanya aonekane mwongo leo au mwongo wa miaka yote ile. Kibali kikatoka. Christelle alirudi Kigali bila kuaga, na alikuwa na haki.

Mafundi walipomaliza, Maman Honorine alimpigia simu aje apige picha za kalenda mpya, tena akamshukuru kwa wazo. Nsimire alikwenda, alihitaji kazi. Ndani hapakuwa na upepo na akina mama walikuwa wanajipepea kwa vitenge. Alirudi nyuma kidogo, akainua kamera, akautazama ukuta kwa jicho lake. Ulikuwa mweupe, laini, na kioo cha buluu. Alibonyeza, akazipeleka picha jioni hiyohiyo. Hapakuwa na kitu cha kufuta.