Menyu Isiyouliza Jina

Mimi si mtu wa kujisifu, lakini hii nitajisifu nayo mpaka nizikwe.

Kazi yangu ilikuwa kuzunguka vijijini na simu ya majaribio, nikitazama watu wanavyotumia programu ya usalama tuliyokuwa tunaitengeneza. Ukiwa hatarini unabonyeza, simu inampigia mtu wako wa karibu. Mimi naangalia wanakwama wapi kwenye menyu, naandika, naripoti kwa bosi mjini.

Katika kijiji cha Getanuwas nilimkuta mama kijana mwenye mimba ya miezi minane, mume yuko mbali anachunga ng'ombe. Boma la jirani ni la baba mkwe wake, na hapo karibu hakuna mwingine mwenye simu. Uchungu ukimshika akiwa peke yake, msaada ni huyo mzee tu.

Nikampa simu. Menyu ikatamka: "Taja jina la mtu wa kukusaidia." Akaitazama simu. Nikarudia. Akaangalia chini. Mara ya tatu akanirudishia simu. Nikampigia bosi, naye akasema, "Hajaelewa huyo. Andika hajui kutumia, nenda kwa mwingine." Na mimi, Mungu anisamehe, nilishashika kalamu.

Ndipo yule mama akaniambia taratibu, "Dada, nimeelewa. Kwetu mke hataji jina la baba mkwe. Hata kwenye simu."

Jamani, aibu! Mimi mzaliwa wa Nambis, mnadani tunakutana na watu wa Getanuwas miaka yote, mila hiyo nimeisikia tangu utotoni, na haikunijia kichwani hata kidogo.

"Sasa nikuwekee nini badala ya jina?" nikamwuliza.

Akafikiri. "Mchoro. Niwekee fimbo. Mzee haachi fimbo."

Bosi aligoma. Alisema menyu imeshakamilika. Weee! Nikamwambia ripoti siisaini, na kama anaitaka sana aje mwenyewe Getanuwas amtajishe yule mama jina la mkwewe. Tulivutana wiki nzima. Nina mdomo, nyumbani wananijua. Mwisho akachoka, palipokuwa na jina pakawekwa michoro. Ile fimbo niliichora kwa mkono wangu, imepinda kidogo, na nilijivunia kuliko cheti changu cha chuo. Nikarudi nikamwekea yule mama kwenye simu yake, pamoja na namba ya mzee.

Nilipopita tena kijijini, mzee alikuwa kwenye lango la boma, na ndani kichanga kinalia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Akanieleza kwamba uchungu ulimshika mkwewe mchana, yeye akiwa malishoni. Akabonyeza ile fimbo, simu ya mzee ikalia, naye akakimbia, akatafuta bodaboda, wakawahi zahanati. Nikasema tumshukuru Mungu, mama na mtoto ni wazima.

Mzee akatikisa kichwa, kama anayesema jambo lenyewe bado sijalisikia.

"Tangu aolewe hapa hajawahi kuniita," akasema. "Siku ile aliniita."