Mwezi wa Chuma Getini Oraba

Mdogo wangu alitaka harusi ya mbinguni. Si ya kanisani tu, hapana. Ya mbinguni hasa, yenye nyota, mwezi na vitambaa vya buluu, kama aliyoiona kwenye simu. Na kwa kuwa yeye na mchumba wake walijuana wakihangaikia mizigo mpakani Oraba, mahali palipofaa kushushia mbingu pakawa yadi ya malori ya mjomba wa bwana harusi. Jamani, Arua nzima na Koboko yake hazina ukumbi? Niliuliza hivyo mara moja tu, nikateuliwa msimamizi wa mapambo.

Sherehe ilikuwa ya mchana, kwa hiyo tuliazima maturubai ya malori, tukafunika yadi yote, tukawa tunaficha jua la Mungu ili tutundike nyota za karatasi. Harufu ya dizeli iligoma kuondoka. Fundi anayechomelea bodi za malori akatutengenezea mwezi mkubwa wa chuma wa kukaa juu ya geti, akaupaka rangi ya fedha. Mwezi mwandamo, mwembamba. Peke yake ulionekana kama ndizi, basi bibi harusi akaagiza uongezewe nyota moja pale katikati. Ulipendeza kweli. Kamati nzima, Wakristo na Waislamu, tulipiga picha chini yake, na hakuna hata mmoja aliyegundua tumetengeneza nini.

Mama aligundua akiwa bado barabarani. Gari lililomleta kutoka Onduparaka na akina mama wenzake wa kanisa lilisimama getini. Wenzake wakashuka, yeye akabaki kwenye kiti amekumbatia kikapu chake. Kwake yeye, mwezi na nyota juu ya mlango ni msikiti, basi. Nilimweleza kuwa ni mapambo tu, bwana harusi ni Mkristo, mchungaji yuko njiani. Na mchungaji alikuwa njiani kweli, amekwama nyuma ya lori lililozama kwenye tope.

"Na kuhusu kaka yenu mliniambia hivyo hivyo," alisema Mama.

Kaka yetu alioa kwa Waislamu kule Yumbe, akasilimu, na tangu hapo hajala Krismasi nyumbani. Hakuna aliyemfukuza. Aliacha tu kuja, na Mama akaacha kumtaja. Iliniuma kumwona anavyokishika kile kikapu, maana nilijua anachokiogopa si mwezi. Na bila yeye wajomba zetu wasingemtoa binti.

Nikamwambia fundi aung'oe. Fundi akanijibu taratibu kuwa bibi yake bwana harusi, Mwislamu wa Lurujo, amekaa karibu na mwezi ule tangu asubuhi akiwashukuru watu wa Arua kwa heshima waliyompa. Wajukuu wake wamekulia kanisani, na hakutegemea kukumbukwa. Loo! La kuvunda halina ubani. Ukibaki, namkosa mama. Ukiondoka, namtukana bibi. Na mdogo wangu, malaika wetu, yuko ndani anabandikwa vimulimuli kwenye kope.

Wakati mimi nikiendelea kupanga la kufanya, bibi alichoka kusubiri wakwe. Akaja na fimbo yake hadi kwenye mlango wa gari. Nilimweleza nusunusu, kwa aibu. Aliuangalia mwezi, akamwangalia Mama, akaelewa haraka kuliko kamati yote.

"Mama, mimi pia binti yangu ya mwisho iko kwenu Arua," alisema. "Alibatizwa. Nyumba yake najua. Lakini yeye hakuji."

Mama hakumtazama. Kikapu kilikuwa bado kifuani. Akina mama wa kanisa walisimama pembeni wakijifanya wanatengeneza vitambaa vyao vya kichwa.

"Siku ya Idi unafanya nini?" Mama akauliza mwishowe.

"Napika tu. Sahani yake naweka. Jioni nakula mwenyewe."

Mama akashuka. Mwezi hakuutaja tena, wala hakuinua macho. Alimpa bibi kile kikapu amshikie, akaniomba simu, akaniambia nimtafutie namba ya kaka yetu. Niliikosea namba, nikaanza upya. Ilipoanza kuita alinipokonya, akatugeuzia mgongo sisi sote.

"Ni mimi, mama yako," alisema. "Umekula?"