Ngoma ya Mvua Niliyoisema Darasani

Mwenzangu, mwezi uliopita nililia mbele za watu hapa Riyadh, na sidhani kama madam wangu amelisahau jambo hilo.

Alikuwa ametutoa nyumbani, mtaa wa Al-Malqa, mimi na binti zake wawili, kwenda kwenye maonyesho ya Wajapani. Ilikuwa alasiri ya baridi, uwanja umejaa familia, na hewa inanuka samaki wa kuchoma na mchuzi fulani mtamu nisioujua jina. Kazi yangu ilikuwa kubeba mkoba wa maji na kuhakikisha wasichana hawapotei. Mbele ya lango la mbao lililopakwa rangi nyekundu palikuwa na jukwaa, na mtangazaji akaeleza kwamba ngoma tutakayoiona kwao huchezwa hekaluni siku ya sikukuu, tena huchezewa miungu, si watu.

Wakatoka wasichana wanne wamevaa nguo nyeupe juu na sketi nyekundu za kufika chini, kila mmoja na kishada cha kengele ndogo mkononi. Walikwenda polepole mno. Wakigeuka, kengele zinalia pamoja, kisha kimya. Yule mdogo kuliko wote, labda wa miaka kumi, akageukia upande usio wake. Mama mmoja wa makamo aliyekuwa akipiga ngoma pembeni hakukunja uso. Alichelewesha pigo moja tu, mpaka mtoto akajirudi.

Hapo machozi yakanitoka.

"Una nini wewe?" madam akaniuliza.

"Mafi mushkila, madam, si kitu. Vumbi tu."

"Yalla, shika watoto. Watu wanatuangalia."

Haikuwa vumbi. Nilikuwa nimemkumbuka hawe.

Hawe ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu Kilifi, kule ndani mbali na bahari. Wangu ndiye aliyeongoza ngoma ya wanawake katika kaya, msitu wetu wa maombi, kila ukame ulipozidi. Mwaka nilipokuwa darasa la nne mahindi yalikauka yakiwa yamefika magotini. Tulikula sima na mboga chungu ya porini, mchana na jioni, mpaka ulimi ukazoea. Mama alikuwa akifua nguo katika hoteli moja Malindi, akija mwisho wa mwezi, kwa hiyo nyumbani tulikuwa watatu: hawe, dada yangu wa miaka kumi na saba, na mimi.

Kila nilipomaliza kutwanga, hawe alinifunga njuga miguuni na kunifundisha. Ngoma ile haikuwa ya kurukaruka. Mabega yanatikisika, nyayo haziachi ardhi. "Usikanyage kama unaua siafu," aliniambia. "Kanyaga kama unamwamsha mtu unayempenda."

Siku yenyewe tuliingia kayani asubuhi, miguu mitupu, hakuna mwenye saa wala kiatu. Ndani kulikuwa na baridi na harufu ya majani yaliyooza. Wazee walimwaga tembo la mnazi chini, wakataja majina ya waliokufa, mmoja mmoja, kama wanaoita watu waje kula. Kisha tukacheza. Nilikosea mara mbili, na mara zote mbili nikausikia mkono wa hawe mgongoni, mwepesi, ukinirudisha mahali pangu. Sijawahi tena kujisikia kwamba ninahitajika kiasi kile. Tulipotoka aliniinamia akasema, "Uliyoyaona yamebaki mle ndani. Umesikia, mwanangu?"

Nilisikia.

Jumatatu mwalimu akaniuliza kwa nini nilikosa shule. Alikuwa mtu wa maombi, mkali lakini si mbaya. Nilisimama mbele ya darasa zima na kusema kila kitu: njuga, tembo, majina ya wafu, na hawe akiyaitikia. Niliona fahari kubwa. Wenzangu walinikodolea macho, nami nikaongeza maneno kidogo. Nikasema hawe huongea na wafu nao humjibu.

Watoto wakayapeleka hayo makwao, yakapita midomo mingi hata isijulikane yalianzia kwa nani. Mvua ilinyesha kidogo, ikakatika. Wiki ileile mtoto wa jirani akafa kwa homa, na maneno yangu yakapata pa kukaa. Ikawa inasemwa kwamba yule mwanamke mwenye mvi huwaita wafu, na wafu wamekuja kumchukua mtoto.

Walikuja mchana kweupe, vijana tuliowajua kwa majina, wameshika mapanga. Dada aliwaona tangu kisimani. Akamtoa hawe kwa nyuma, akamvusha mashamba makavu amemshika mkono mpaka kituo cha polisi. Mimi nilijificha kwenye ghala la mahindi, nikasikia paa la makuti la nyumba yetu likishika moto. Hawe hakurudi tena. Alihifadhiwa kwa watu mbali na kwetu, na huko ndiko alikozikwa mwaka wa pili.

Ukoo ulipokaa kuuliza ni nani aliyetoa mambo ya kaya nje, macho yote yalimwelekea dada, kwa sababu alikuwa akiimba kwaya kanisani.

"Si mimi," alisema, mara moja tu.

Nilikuwa mkekani nikipukuchua kunde. Niliendelea kupukuchua. Mama aliamini walichosema wengine, na tangu hapo hakumwita dada kwa jina. Hata harusini kwake hakwenda. Mama alifariki miaka mitatu iliyopita.

Dada yuko Jeddah sasa, analea mzee wa nyumba moja. Ijumaa baada ya yale maonyesho nilimpigia simu, nikamwambia yote bila kupumzika.

Nilimsikia mzee akikohoa upande wake.

"Nilijua," akasema. "Mwalimu alinifuata siku ileile, akaniambia nikufundishe kufunga mdomo."

"Mbona hukusema, dada?"

"Ulikuwa na miaka kumi. Wangekufanya nini? Nilingoja ukue useme mwenyewe." Sauti yake ikakatika. "Nilingoja useme mama akiwa hai."

Akaniambia mzee anamwita, halas, tutaongea.

Jioni ileile niliyarudia maneno yote kwa sauti yangu nikiyarekodi kwenye simu, nikayatuma kwenye kundi la ukoo: kwamba ni mimi, si dada, na kwamba hawe hakumdhuru mtu. Mmoja baada ya mwingine wakasikiliza. Hakuna aliyejibu.

Ngoma ile haichezwi tena kwetu. Wanawake walioijua wamekwisha, na wajukuu wao wanaogopa hata kukiri kwamba waliwahi kuiona. Ninakumbuka hatua zake, wimbo wake umenitoka, na yeyote ambaye ningemwomba anikumbushe nilimfungia mlango mwenyewe nikiwa na miaka kumi. Mama aliondoka na hasira isiyo ya haki, na hiyo siwezi kuifuata alikokwenda nikaiondoe.

Siku ya tatu simu ililia nikiwa napiga pasi. Ulikuwa ujumbe wa dada, neno moja tu.

"Umekula?"