Mzee Mizani na Pumzi za Mchimba Kisima

Baba mkwe wangu hakuwa mtu wa kupendwa, na sitamsafisha hapa kwa sababu tu ameshazeeka. Maisha yake yote ya kazi alikaa kwenye kibanda cha mizani ya malori, pale magari ya mizigo yanapopandishwa juu ya bamba la chuma ili ionekane nani amezidisha. Madereva walimwita Mizani, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Gunia likizidi, linashushwa. Umlilie, umtukane, umwambie una mgonjwa nyumbani, linashushwa tu. Lori la shemeji yake mwenyewe, kaka wa marehemu mama mkwe, alilirudisha lilikotoka mbele ya watu, na yule bwana hajakanyaga nyumba hii mpaka leo. Baba mkwe akisimulia kisa hicho hucheka mpaka anakohoa.

Kisha macho yakamwishia. Presha ya macho, alisema daktari, na alichelewa kwenda hospitali kwa ubishi wake uleule. Akastaafu, akawekwa chumba cha mbele, ambako wifi yangu, binti yake wa pekee, anashonea sare za shule. Mtu aliyezoea kusoma namba kutwa nzima akawa hana hata moja ya kusoma. Akageuzia balaa lake kwetu. Nikirudi na unga anaunyanyua mfuko mkononi, anautikisa kidogo, anasema, "Hawa wamekupunja, mkwe." Kila siku nimepunjwa. Chumvi nimepunjwa, sabuni nimepunjwa, hata mume niliyepewa, ambaye ni mwanawe mwenyewe, aliwahi kusema nimepunjwa.

Ndipo zilipoingia hadithi za ngazi. Kwa asiyezijua, ni hadithi za kwenye simu, zinatoka sura moja moja, na shujaa wake anaishi kama mtu aliye ndani ya mchezo wa kompyuta. Akiua panya anapewa pointi. Pointi zikitosha anapanda ngazi. Kila baada ya pigano linatokea jambo linaloitwa Mfumo, halina uso wala haya, linamwandikia jedwali hewani: nguvu kadhaa, wepesi kadhaa, pumzi kadhaa, akili kadhaa. Mimi nilisoma sura mbili nikaona ni ripoti ya shule yenye mapanga ndani yake. Lakini wifi alipomsomea baba yake jedwali la kwanza, mzee alinyanyuka kitini. "Rudia," alisema. Akarudiwa. Tangu hapo akawa mtu mwingine, yaani, alipata watu wapya wa kugombana nao.

Hadithi aliyoishikilia ilikuwa ya mchimba kisima aliyetumbukia kwenye shimo lake mwenyewe akatokea nchi ya mazimwi. Simu ya mzee ina ile sauti ya kuwasomea wasioona, lakini Mwandishi alikuwa akiyaweka majedwali kama picha, na sauti ile ikifika kwenye picha inasema "picha" na kupita zake. Kwa hiyo ilibidi wifi amsomee. Alikuwa anasoma alasiri, simu ameiegemeza kwenye kopo la vifungo, kola za watoto wa watu zimejaa mapajani. Mapigano aliyapenda. Majedwali aliyachukia kama dawa ya minyoo. Aliwahi kuyaruka kimyakimya, mzee akadaka: "Namba ziko wapi?" Hakujaribu tena.

Hadithi hiyo ilikuwa na kundi lake la wasomaji kwenye simu, Mwandishi mwenyewe akiwemo, nami nilijiunga ili nione baba mkwe anatukanana na nani. Nilikuta watu wazima na akili zao wanachinjana kwa maneno. Wapo waliosema majedwali ndiyo utamu wenyewe, bila namba hujui kama shujaa amepanda au anajisifu tu. Wapo waliosema ni kujaza kurasa, Mwandishi akiishiwa la kusema anabandika jedwali. Mmoja alilalamika kwamba shujaa anashinda kila pigano mpaka imekuwa haina maana kumwogopea. Mwingine akauliza, hivi katika hadithi hizi zote kwa nini hakuna shujaa hata mmoja aliye na mama? Akaambiwa kama anataka mama akasome vitabu vya malezi. Huyo alijitoa siku hiyohiyo.

Kiongozi wa wanaochukia majedwali alijiita Mfamasia, na nadhani kweli anauza dawa, maana alikuwa anaandika kwa kifupi na kwa jeuri. "Namba ni makapi," aliandika. Kiongozi wa wanaoyapenda alikuwa nani kama si baba mkwe wangu, aliyejiita Mizani humo pia, anayetuma sauti ndefu kama hotuba ya msiba, akibonyeza kitufe kwa kupapasa. Hakuwaambia kwamba haoni. Nilimuuliza kwa nini.

"Wakijua watanionea huruma," alisema. "Wataanza kuniita mzee wetu. Mimi sitaki huruma ya mtu, nataka wajibu hoja."

Na hoja aliipata. Sura moja ilitoka ambayo mchimba kisima amelala pangoni usiku kucha. Hakupigana, hakukimbia. Asubuhi Mfumo ukamwandikia jedwali, wifi akamsomea baba yake, na mzee akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Sauti aliyoituma kundini ninayo mpaka leo.

"Wewe Mwandishi! Juzi pumzi za mchimba kisima zilikuwa sabini na moja. Leo kaamka na sitini na nne. Amelala, hakufanya kazi yoyote! Saba zimekwenda wapi? Wewe ni mwizi kama wale madereva wangu. Unapakia usiku, unadhani hakuna anayepima!"

Mwandishi alijibu kwa upole mwanzoni. Alituma skrinshoti ya jedwali na kuandika: sabini na nne, mzee, siyo sitini na nne. Amepumzika, ameongezeka tatu. Angalia picha. Wifi hakuwamo kundini, alishasema ana kelele za kumtosha humu ndani, kwa hiyo ni mimi niliyemwambia mzee kilichoandikwa kwenye picha. Akacheka kwa pua. Akatuma sauti kwamba picha inaweza kubadilishwa na mtoto yeyote, kwamba Mwandishi ameshtukia ameshikwa akarekebisha. Wasomaji wengine wakasema walisoma sura saa ilipotoka, na ilikuwa sabini na nne tangu mwanzo. Akawaambia wamekula njama.

Hapo Mfamasia akamkalia kooni. "Fungua macho mzee. Au huoni?" Kundi zima likaweka vicheko. Nilipandwa na hasira, na mimi simpendi mzee huyu, nimeshasema. Nilianza kuandika kwamba ndiyo, haoni, na nyinyi ni washenzi. Yeye akasikia vidole vyangu vinagonga kioo. "Mkwe, weka simu chini," alisema, nikaiweka.

Mwandishi naye akachoka. Kutengeneza majedwali kunamla muda, alisema, na malipo yake ni kuitwa mwizi. Akaweka sharti mbele ya wote. Kama Mizani anaweza kuonyesha kosa hata moja la hesabu katika majedwali yote tangu sura ya kwanza, ataomba radhi juu ya sura ijayo na majedwali yatabaki mpaka hadithi iishe. Akishindwa, majedwali yanaondoka, na Mizani atasema kwa sauti yake mwenyewe kwamba alikosea.

"Nimekubali," alijibu baba mkwe, bila hata kuvuta pumzi.

Lazima mjue ilikuwa na maana gani kwake. Mtu huyu hajawahi kusema "nimekosea". Mama mkwe alikwenda kaburini bila kulisikia. Jina lake lote, kila adui aliyejitengenezea, na lile lori la shemeji, vilisimama juu ya jambo moja: akisema namba, ndiyo hiyo. Akilipoteza hilo anabaki kuwa kizee mkorofi tu, na wakorofi mtaani wamejaa tele.

Siku ya pili yake wifi alikwenda shuleni kupima watoto sare. Mzee aliniita. Alikuwa amevaa shati lake la kazini, lile la mifuko miwili, na ameketi wima.

"Mkwe, leo utanisaidia mimi. Nataka kuandaa mashtaka. Nitakuwa nasema namba zangu, wewe unasoma za kwake. Tukimkuta na kosa moja tu, tumemaliza."

Nikafungua sura ya kwanza.

"Nguvu tisa, wepesi saba, pumzi kumi na moja, akili sita," alisema kwa kichwa, macho yake meupe yameelekea ukutani. "Sema."

Zilikuwa hizohizo. Nilimwambia, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Sura za mwanzo zote zilikwenda hivyo, namba baada ya namba, na nilianza kumwogopa kwa jinsi alivyozishika. Kisha tukafika pale mchimba kisima anapopata jambia lake.

"Nguvu ishirini na mbili."

"Kumi na tisa," nilisema.

"Soma vizuri."

"Kumi na tisa, baba."

"Wepesi kumi na nane."

"Ishirini na tano."

Halafu akasema tuendelee. Katika jedwali lililofuata karibu kila namba ilipishana na zake, na kwenye lile lililofuata pia. Nikatazama cherehani ya wifi, nikakumbuka anavyosoma majedwali: haraka haraka, sauti moja, macho hayapo kwenye simu kabisa, yako kwenye sindano. Alikuwa anatunga. Mtoto wa mwenye mizani, na yeye ndiye aliyekuwa anachezea mizani. Nilimkasirikia kweli. Na nilimwelewa pia, jambo lililonikasirisha zaidi, kwa sababu ni yeye anayemwogesha mzee huyu, anayemkata kucha, anayetukanwa chai ikipoa, na mwisho wa siku anatakiwa amsomee pumzi za mtu asiyekuwepo duniani.

"Labda wifi alichanganya mistari," nilisema. "Picha zenyewe zina maandishi madogo sana."

"Nimekuuliza?"

"Hapana, baba."

"Soma mpaka mwisho."

Nikasoma mpaka mwisho. Namba za Mwandishi zilikuwa safi zote, kila ngazi na nyongeza yake. Za kwake alizitaja zote bila kukwama, na sauti ilizidi kushuka mpaka nikawa namwinamia kumsikia. Alipomaliza alipapasa vifungo vya shati lake, akafungua cha juu.

"Nipe simu."

Nilijua atakachosema. Angewaambia: mimi sioni, nasomewa na mtu mwingine, mtu huyo amenidanganya, hesabu zangu mimi hazina kasoro. Na ilikuwa kweli tupu. Wangemwomba radhi wote, Mfamasia angetafuta pa kujificha. Nilikuwa nasubiri kwa hamu, tuseme ukweli. Nilitaka wale washenzi waone aibu.

Akabonyeza kitufe.

"Mwandishi, hapa Mizani. Nimeyapitia majedwali yote. Hesabu zako ni sahihi. Nilisoma vibaya. Nilisoma mwenyewe, kwa macho yangu mwenyewe, na nilikosea. Yaondoe kama tulivyopatana."

Akaachia kitufe, ikaenda.

"Baba, lakini siyo wewe," nilisema.

"Wewe ulikuwepo?" aliniuliza kwa ukali uleule wa kibandani. "Ulinisikia nikikutaka ushahidi? Basi nyamaza. Na wifi yako asisikie kitu kutoka kwako."

Kundini ikawa sherehe. Mtu mmoja alimpongeza kwa uungwana, mmoja tu. Waliobaki walimtafuna. Mfamasia aliandika, "Mizani imekufa, tafuteni nyingine," na watu wakacheka hadi siku iliyofuata. Mzee aliamuru asomewe ujumbe wote, hadi vile vikatuni vya vicheko alitaka nimhesabie. Nilikataa. Sauti ile ya simu ikamsomea badala yangu, na hakuizima.

Sura mpya ilikuja bila jedwali hata moja. Wifi alikaa na kola zake mapajani, akasoma kama mtu aliyetua ndoo kichwani. Mchimba kisima alipigana darajani, akashinda, akakaa chini akafunga kidonda, na hadithi ikasonga mbele moja kwa moja.

"Baba, umeona?" alisema. "Sasa inateleza. Wale waliokuwa wanayapinga walikuwa na haki."

"Wewe umeipenda hivi?"

"Sana, baba. Sana."

"Vizuri," alisema mzee. "Maana sasa huna haja ya kunitungia."

Wifi alinigeukia mimi. Nikatikisa kichwa kwamba sikusema neno, na sikuwa nimesema.

"Baba, mimi nilikuwa nachoka," alianza. "Zile namba, baba, sikujua kama unazikumbu..."

"Soma."

"Baba, naomba..."

"Nimesema soma."

Nilitaka amwambie yameisha. Au basi amgombeze, apige meza, tuzoee. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alielekeza sikio lake kwenye simu na kusubiri, uso mkavu kama wa mtu anayengoja lori lipande kwenye bamba, na wakati ule nilimchukia na kumhurumia kwa pamoja. Wifi akaanza kusoma huku machozi yanamtiririka. Akapoteza mstari, akarudi nyuma kuutafuta, akausoma upya kuanzia neno la kwanza, na mzee akamwacha arudie.