Mlinzi Aliyemfungia Mwenzake Nje ya Maabara

Saa kumi na moja jioni, Nasimiyu Barasa amesimama kwenye lango la chuo kimoja cha jamii jijini Doha, redio kiunoni. Wanafunzi wa masomo ya jioni wanapita mmoja mmoja. Anatazama kadi, anatazama uso, anaitikia kwa kichwa.

Anakuja Proscovia, koti jeupe la maabara mkononi. Wawili hawa wamepanga chumba kimoja mtaa wa Najma na wanapikia sufuria moja. Nasimiyu anamdai kadi vilevile.

"Roho inaniuma kila akipita," anasema mlinzi huyu wa miaka ishirini na tisa. "Sifichi. Baiolojia ilikuwa yangu."

Na kweli ilikuwa yake. Kwao Webuye, Kenya, alipata A ya baiolojia, karo ya chuo ikakosekana, akaja Qatar kulinda malango ya watu. Proscovia, mtandika vitanda katika hoteli moja ya West Bay, alitoka Tororo, Uganda, akiijua baiolojia juujuu tu. Ni Nasimiyu aliyempasulia samaki wa chajio akamwonyesha matamvua anayopumulia.

Mwaka jana walichukua fomu za kujiunga na chuo hicho pamoja. Proscovia akarudisha yake. Ya Nasimiyu ikabaki chini ya godoro, na usidhani mwajiri alimkatalia. Aliona haya.

"Nipekue mabegi yao mchana, halafu jioni niketi nao dawati moja? Niliona watanicheka. Kumbe nilijifungia mwenyewe."

Wivu ni kidonda, husema kanga za pwani, ukishiriki utakonda. Nasimiyu hakukonda. Alifanya baya zaidi.

Novemba, siku ya mtihani wa vitendo kuhusu moyo, Proscovia alifika bila kadi. Alikuwa ameisahau chumbani. Kanuni inasema asiye na kadi asubiri, mlinzi apige simu ofisini, mtu aje amtambue. Simu ilikuwa mezani mbele ya Nasimiyu.

"Dada, si unanijua," Proscovia alimwambia.

"Kanuni ni kanuni," akajibiwa.

Alisubiri dakika arobaini. Simu haikupigwa, mtihani ukaisha, na alama kumi na tano zikaenda na maji.

Usiku huo Nasimiyu alirudi Najma akiwa amejiandaa kwa ugomvi. Akakuta ugali, na fungu lake limefunikwa.

"Nimepewa marudio Alhamisi," Proscovia akasema. "Hizi vali za moyo zinanichanganya. Nifundishe."

"Hapo ndipo nilipolia," Nasimiyu anasimulia. "Heri angenitukana. Nikamwambia ukweli, kwamba simu sikupiga. Akanijibu, 'Najua. Nilikuwa nakuona.'"

Kesho yake Nasimiyu alinunua moyo wa kondoo kwenye bucha la mtaani, riyali nane. Wakaupasua juu ya sinia, kisu mkononi mwake. Hakumbania mwenzake hata vali moja.

"Wivu ulikuwepo bado, usinielewe vibaya," anakiri. "Nilifundisha nao hivyohivyo."

Proscovia alipata kumi na nne kati ya kumi na tano. Anataka kazi ya maabara ya hospitali, kupima damu na kuchungulia hadubini. Ndiyo kazi aliyoiota Nasimiyu tangu akiwa kidato cha pili, na akilitaja hilo bado anauma mdomo.

Wiki hii fomu imetoka chini ya godoro. Msimamizi wake, Mutai, ameandika barua ya ruhusa na kukubali kumhamishia zamu ya asubuhi. Haya yote yaliwezekana mwaka jana pia. Hakuwa ameuliza tu.

Akipokewa, ataanza Januari.

"Dawati tutakaa moja," anasema. "Lakini alama nitampita, yeye mwenyewe nimeshamwambia."

Jioni lango litakuwa la Kioko, mlinzi mwenzake. Nasimiyu ameshamwachia ombi moja.

"Siku nikisahau kadi," anasema, akiitazama simu pale mezani, "apige."